Jinsi ya kupima bakteria wa Wolbachia kwa wadudu wa porini: mwongozo wa mwalimu na wanafunzi, kutoka wavu hadi jeli

Mara ya kwanza nilipopima wadudu pamoja na wanafunzi wangu wa S.5 (mwaka wa tano wa sekondari), jeli, yaani bamba laini linalotenganisha vipande vya DNA kwa umeme, ilitoka tupu. Njia zote ambamo DNA hupita zilikuwa giza isipokuwa moja, ile ya ngazi ya vipimo, yaani vipande vya DNA vyenye urefu unaojulikana. Msichana aliyeshika daftari la kikundi akaandika kwa mwandiko safi: "Wadudu wetu hawana maambukizi." Wenzake wakapiga makofi. Nikamwomba anionyeshe mstari wa mdudu mwenyewe, yaani DNA ya mdudu, si ya bakteria. Akatafuta, akatafuta tena, hakuuona. Wiki tatu zilikuwa zimepita na hatukuwa tumepima kitu.

Kosa lilikuwa langu. Niliwahifadhi wadudu katika spiriti ya dukani, ile iliyotiwa rangi ya zambarau, na sikuweka kipimo chochote cha kunionya kwamba kazi nzima imeharibika. Tangu siku hiyo nafundisha somo hili kwa kuanzia mwisho: "hapana" ya maabara inahitaji ushahidi kama "ndiyo" inavyouhitaji. Karibu kila hatua utakayosoma hapa ipo kwa ajili ya siku utakapotazama njia tupu na kujiuliza kama ni tupu kweli.

Nafundisha wilaya ya Kiryandongo, Uganda, ambako dawati moja linaweza kukaliwa na Mwacholi, Mnyoro, Mkongo na mtoto wa Sudan Kusini, na wanapogombania pipeti wanagombana kwa Kiswahili. Ndiyo sababu nimeandika kwa Kiswahili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 unadai miradi, na huu ni mradi mzuri kuliko mingi niliyoiona, ingawa sehemu ya PCR, yaani ya kunakili DNA kwa mashine, ninaiacha kwa S.5 na S.6.

Mnatafuta nini

Wolbachia ni bakteria anayeishi ndani ya seli za wadudu. Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walimwona mwaka 1924 ndani ya mbu aina ya Culex pipiens huko Marekani, na Hertig akampa jina rasmi mwaka 1936. Makadirio ya wataalamu yanaonyesha kwamba karibu asilimia 40 ya spishi za wadudu na jamaa zao wa nchi kavu wanaye. Hawaambukizi watu, kwa hiyo wazazi wakikuuliza, wajibu bila wasiwasi.

Jambo la kuwaeleza wanafunzi mapema ni kwamba bakteria huyu hurithiwa kupitia yai la mama. Mbegu ya dume haimbebi. Kwake yeye dume ni njia isiyo na mwisho mwema, na mambo yake mengi ya ajabu yanatokana na hapo. Katika spishi nyingine huua watoto wa kiume wakingali mayai. Katika nyingine huwageuza madume kuwa majike, au huwawezesha majike kuzaa bila dume. Kwa mbu wengi hufanya hila nyingine: dume mwenye bakteria akijamiiana na jike asiye naye, mayai hayaanguliwi.

Na historia hii ina sura ya Uganda. Katika miaka ya 1960 Denis Owen, aliyekuwa akifundisha Makerere, aliona kwamba kipepeo Acraea encedon anazaa vizazi vya majike watupu. Sababu ilikuja kujulikana mwaka 1999, pale Francis Jiggins, Greg Hurst na wenzao walipoonyesha kwamba muuaji wa madume ni Wolbachia. Mahali fulani madume walikuwa wamepungua kiasi kwamba majike ndio waliokusanyika makundi makundi wakingoja dume apite. Kiwavi wa kipepeo huyu hula gugu litambaalo lenye maua madogo ya buluu, lile linalokera kila mwenye shamba la maharage. Ukiwa na wanafunzi wavumilivu, waambie wamkamate jike mmoja, wayalee mayai yake katika chupa yenye majani mabichi kila siku, kisha wahesabu madume na majike watakaotoka. Kizazi cha majike watupu kinawapa swali kabla hujagusa hata tone moja la kemikali.

Mfano mwingine wanaujua wote waliolala bweni. Kunguni ananyonya damu tu, na damu haina vitamini B za kutosha. Wolbachia aliye mwilini mwake ndiye anayemtengenezea. Tutamrudia kunguni, kwa sababu ana kazi muhimu katika mwongozo huu.

Ruhusa

Kukusanya nzi kwenye uwanja wa shule hakuhitaji zaidi ya kibali cha mkuu wa shule, na cha mwenye shamba mkivuka ua. Hifadhi za wanyama ziko chini ya Uganda Wildlife Authority na misitu ya akiba iko chini ya National Forestry Authority. Usimkamate hata sisimizi humo bila barua yao. Ikiwa mna nia ya kutuma sampuli au DNA nje ya nchi, anzeni na Uganda National Council for Science and Technology kabla ya kukusanya. Kanuni za mwaka 2005 kuhusu rasilimali za kijenetiki zinawahusu hata wanafunzi.

Kukusanya

Amueni kwanza mnauliza nini. "Tukusanye wadudu tuone" huishia kwenye mdudu mmoja wa kila aina, na mdudu mmoja hasemi kitu kuhusu spishi yake. Mimi nawabana wachague spishi mbili au tatu na wakusanye angalau ishirini wa kila moja, kutoka mahali pawili tofauti. Nzi wa matunda wa sokoni na wa shambani. Fukusi wa kunde kutoka magunia ya nyumba mbalimbali. Senene, msimu wao ukifika Novemba au Aprili, maana hapo mtoto hahitaji kusukumwa.

Kwa nzi wa matunda, weka ndizi iliyoiva sana ndani ya chupa ya plastiki yenye faneli ya karatasi mdomoni. Kwa nyigu wadogo na nzi wa maua, bakuli la rangi ya njano lenye maji na tone la sabuni, likae juani saa chache. Kwa wadudu wa nyasini, wavu wenye mkono wa fimbo. Usishone wavu huo kwa chandarua cha kujikinga na malaria: dawa yake huua wadudu kabla hujawachagua, na zaidi ya hilo chandarua kile kimetolewa ili mtu alale chini yake. Nunua kitambaa chepesi cha shela.

Mbu wakusanywe wakiwa wametulia ukutani asubuhi, kwa mrija wa kufyonzea wenye kipande cha kitambaa katikati. Mwanafunzi asiachwe aketi nje usiku na miguu wazi akiwangoja. Nyuki na mavu waachwe. Vilevile waonye kuhusu yule kijidudu mwembamba mwenye pingili nyeusi na nyekundu, Paederus, ambaye wengi humwita nzi wa Nairobi: ukimponda kwenye ngozi, sumu yake huacha kidonda kama cha moto. Sumu hiyo, kwa kweli, hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Nawasimulia wanafunzi hapo hapo shambani, kwa sababu kesho yake hakuna anayeuliza kwa nini tunapoteza muda na bakteria wa wadudu.

Kila mdudu apewe namba yake siku ile ile. Andika kwa penseli kwenye kipande cha karatasi na ukiingize ndani ya kichupa pamoja na mdudu: namba, tarehe, mahali, mmea au chambo, jina la mkusanyaji. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye ethanoli. Nimeona sampuli arobaini zikigeuka kuwa wadudu wasio na kwao kwa sababu ya kalamu.

Kuhifadhi

Hapa ndipo tulipoangukia sisi. Ethanoli iwe ya asilimia 95 au zaidi, isiyotiwa rangi wala kitu cha kuizuia isinyweke. Ile ya asilimia 70 ya kusafishia mikono inatunza umbo la mdudu, lakini ina maji ya kutosha kuiacha DNA yake ikatike polepole. Waragi ni asilimia 40 tu, haifai. Fomalini ndiyo mbaya kuliko zote, maana hufungamanisha DNA na protini na PCR hushindwa.

Mdudu mwenyewe ni mfuko wa maji. Mkimtumbukiza senene mzima katika ethanoli kidogo, maji yake yataizimua. Wadudu wasizidi theluthi moja ya kichupa, na ethanoli ibadilishwe baada ya siku moja. Wadudu wakubwa wapasuliwe tumboni ili iingie. Kisha viwekwe kwenye friza. Umeme ukiwa wa kubahatisha, kabati la giza na baridi linatosha kwa majuma kadhaa, mradi vizibo vimekazwa. Ethanoli hushika moto upesi na mwali wake hauonekani vizuri mchana, basi isikae chumba kimoja na jiko la mkaa.

Kumjua mdudu

Piga picha kila mmoja juu na ubavuni, rula ikiwa kando. Mfikishe angalau kwenye oda na familia. Usipojua spishi, andika "spishi A" na uendelee.

Kontroli: usiruke sehemu hii

Kontroli ni sampuli ambayo jibu lake unalijua tayari. Kwa kazi hii unahitaji nne, na kila moja inalinda dhidi ya uongo wa aina yake.

Ya kwanza ni DNA ya mdudu yenyewe. Kila sampuli inapimwa mara mbili: mara moja kwa jini la Wolbachia, mara moja kwa jini la COI ambalo kila mdudu analo katika mitokondria zake. COI ikionekana, unajua DNA ilitoka na PCR ilifanya kazi. COI isipoonekana, ukimya wa Wolbachia si jibu.

Ya pili ni kontroli chanya, mdudu unayetarajia ana Wolbachia. Kwa vitabu vya kigeni utaambiwa uagize nyigu wa maabara. Sisi tuna kunguni, na tuna mbu wa Culex wa chooni na mitaroni, ambao karibu duniani kote hukutwa naye. Toa DNA ya kunguni watatu au wanne tofauti, usitegemee mmoja. Chuo kikuu kikikupa DNA iliyokwisha kuthibitishwa, ni bora zaidi. Omba mikrolita chache na uzitunze kama dhahabu.

Ya tatu ni kichupa kisicho na mdudu, kinachopitia hatua zote za kutoa DNA kama vingine. Ya nne ni maji matupu yanayowekwa kwenye PCR badala ya DNA. Hizi mbili zikitoa mstari, kuna uchafuzi, na tofauti yao inakuambia umeingilia wapi: ya tatu peke yake ikichafuka, kosa liko kwenye kemikali za kutolea DNA, zote mbili zikichafuka, anza kushuku maji, mchanganyiko wa PCR au pipeti.

Kutoa DNA

Njia nyingi zinadai kimeng'enya cha kuyeyusha protini kinachotunzwa kwenye friza. Mimi natumia magadi makali na joto, njia inayojulikana kwa jina HotSHOT, kwa sababu kemikali zake mbili hukaa kabatini na hugharimu kidogo sana.

Kemikali ya kwanza, ya alkali: hidroksidi ya sodiamu gramu 1 na chumvi ya EDTA yenye sodiamu mbili miligramu 74, katika lita 1 ya maji safi yaliyochujwa ioni. Ya pili, ya kutuliza: Tris-HCl gramu 6.3 katika lita 1 ya maji hayo hayo, bila kurekebisha pH. Ukitengeneza mililita 100 tu, gawanya kwa kumi. Zinatosha darasa kwa mihula kadhaa. Glavu na miwani wakati wa kupima hidroksidi, kwa sababu punje zake huunguza jicho.

Mtoe mdudu kwenye ethanoli, mweke juu ya karatasi safi mpaka akauke kabisa. Ethanoli iliyobaki huzuia PCR. Nzi wa matunda anaingia mzima. Wa ukubwa zaidi, kata kipande kisichozidi punje ndogo ya mchele. Wanafunzi hudhani kipande kikubwa kinaleta DNA nyingi na matokeo bora. Kinacholetwa ni rangi, mafuta na uchafu unaoizima PCR.

Ukate wapi? Wolbachia hujazana kwenye ovari na korodani, kwa hiyo sehemu ya nyuma ya tumbo ndiyo yenye nafasi kubwa ya kumwonyesha. Lakini tumboni ndimo mna chakula. Mdudu anayewinda wenzake anaweza kuwa na Wolbachia wa mawindo yake, na kiwavi anaweza kuwa amebeba funza wa nyigu ndani yake. Kwa walaji majani na nyonya-maua nakata tumbo. Kwa wawindaji kama vunjajungu nautoa utumbo kwanza kwa kibano na kuchukua tishu za uzazi. Miguu na mabawa yabaki kwenye kichupa cha asili, na kila ulichokifanya kiandikwe.

Sasa tia kipande kwenye mrija wa PCR, ongeza mikrolita 75 za alkali, kiponde kwa ncha ya pipeti isiyotumika. Chemsha kwa nyuzi 95 za Selsiasi kwa dakika 30. Mashine ya PCR yenyewe inafaa kwa hili. Ukitumia sufuria ya maji, kumbuka mwinuko: Kampala, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kama nyuzi 96, Kabale, karibu mita 2,000, huchemka kama 93. Huko juu ongeza dakika kumi. Poza kwenye barafu dakika tano, kisha tia mikrolita 75 za kemikali ya pili na uchanganye kwa upole. Acha makapi yatulie chini, au zungusha kwenye sentrifuji dakika moja. DNA yako ni maji ya juu. Si safi na haidumu sana, kwa hiyo itumie juma hilo hilo au igandishe.

PCR

Kary Mullis alibuni njia hii mwaka 1983: joto hutenganisha nyuzi mbili za DNA, praima, yaani vipande vifupi vya DNA, hujibandika mahali panapotafutwa, kimeng'enya kinachostahimili joto hujenga nakala. Kila mzunguko idadi inazidishwa maradufu. Baada ya mizunguko 30 nakala moja imekaribia kuwa bilioni moja. Hesabu hiyo iandikwe ubaoni, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini tone lisiloonekana la DNA ya jana linaweza kukuharibia kazi ya leo.

Praima za Wolbachia, zinazonakili kipande cha jini la 16S chenye urefu wa jozi 438 za besi (herufi za DNA):

Wspec-F: CATACCTATTCGAAGGGATAG
Wspec-R: AGCTTCGAGTGAAACCAATTC

Praima za COI ya mdudu, kipande cha takriban jozi 710:

LCO1490: GGTCAACAAATCATAAAGATATTGG
HCO2198: TAAACTTCAGGGTGACCAAAAAATCA

Agiza kwa herufi hizi hizi na uzisome mara mbili kabla ya kulipa.

Kila mrija una mikrolita 25: mchanganyiko tayari wa mara mbili (2x master mix, wenye kimeng'enya ndani yake) mikrolita 12.5, kila praima ya mikromola 10 mikrolita 1, maji 8.5, DNA 2. Usipime mrija mmoja mmoja. Kikundi changu kina wadudu watano, kunguni mmoja, kichupa kisicho na mdudu na maji, jumla minane. Tengeneza ya tisa kufidia kinachobaki kwenye pipeti: mchanganyiko 112.5, praima 9 na 9, maji 76.5. Gawa mikrolita 23 kila mrija, halafu ongeza DNA mikrolita 2. Anza na wadudu, kisha kichupa kisicho na mdudu, kisha maji, na kunguni awe wa mwisho kabisa, mirija mingine ikiwa imefungwa. Fanya seti nyingine minane kwa praima za COI.

Programu ya mashine: nyuzi 94 dakika 2, halafu mizunguko 35 ya nyuzi 94 sekunde 30, nyuzi 55 sekunde 45, nyuzi 72 dakika 1, mwisho nyuzi 72 dakika 10. Kwa COI shusha 55 hadi 50, maana praima hizo zinafanya kazi kwa wadudu wa kila namna na hazishikamani sawasawa kwa wote. Kama mna mashine moja, fanyeni siku mbili.

Meza ya kuchanganyia isiwe meza ya jeli. Pipeti iliyogusa mazao ya PCR isirudi kwenye meza ya kuchanganyia hata kwa dakika moja. Pangusa meza kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa moja kwa tisa, badilisha ncha kila mara, na glavu kila unapojikuna uso. Umeme ukikatika katikati ya mizunguko, usiendeleze ulipoachia. Tupa, andika, anza upya. Betri ya akiba inayoweza kubeba mashine kwa saa mbili ni ununuzi wa kwanza ningeushauri kwa shule iliyopata fedha, kabla ya darubini mpya.

Shule isiyo na mashine iandike barua mapema kwa chuo kikuu kilicho karibu chenye idara ya biolojia. Peleka DNA kwenye boksi la barafu, na peleka wanafunzi pia. Wasipoona mashine ikifunguka watabaki wakiamini ni uchawi wa wazungu.

Jeli

Agarosi gramu 0.75 katika mililita 50 za bafa ya TAE, chemsha mpaka kioevu kiwe angavu, kipoe mpaka uweze kushika chupa, tia rangi ya DNA, mimina. Epuka ethidiamu bromidi shuleni. Kuna rangi salama zaidi zinazoonekana kwa mwanga wa buluu, bila miale ya kuumiza macho.

Pakia mikrolita 8 kwa kila kitundu, ngazi ya jozi 100 pembeni, kontroli zikiwa jeli moja na sampuli. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo hukimbilia upande mwekundu, ulio chanya: vitundu vikae upande mweusi. Volti 100 kwa dakika 35 hivi. Zima umeme kabla mtu hajafungua kifuniko, na hilo lisiwe na mjadala. Piga picha, ibandike daftarini, andika jina la kila njia juu yake siku hiyo hiyo.

Kusoma matokeo

Soma kontroli kwanza, na uwafunike wadudu kwa karatasi. Nasema kufunika kwa maana halisi. Macho ya mwanafunzi hukimbilia mdudu wake na baada ya hapo hakuna hoja itakayoingia. Kunguni ana mstari karibu na 438? Maji na kichupa kisicho na mdudu havina? Kama jibu si ndiyo mara mbili, jeli hii haina habari za wadudu.

Kontroli zikiwa sawa, ondoa karatasi. COI ipo na Wolbachia ipo: mdudu ana DNA ya Wolbachia. COI ipo na Wolbachia haipo: hajaonekana naye. COI haipo na Wolbachia haipo: hujui, na kwenye daftari iandikwe "haijulikani", kamwe isiandikwe "hasi". Zimua DNA mara kumi kwa maji na urudie. Mara nyingi uchafu unaozuia PCR hupungua na mstari hutokea. COI haipo na Wolbachia ipo: inawezekana, maana praima za COI hushindwa kwa baadhi ya spishi, lakini rudia ukiwa na shaka ya uchafuzi.

Mstari hafifu urudiwe kuanzia kutoa DNA. Ukionekana mara mbili, uandike. Mstari wa urefu usiotarajiwa usilazimishwe kuwa 438 kwa sababu kikundi kinataka ushindi.

Na hata "ndiyo" nzuri ina mipaka. Vipande vya DNA ya Wolbachia vimewahi kuhamia ndani ya kromosomu za wadudu wenyewe. Vimeonekana kwa mbung'o aina ya Glossina morsitans na kwa fukusi wa kunde, Callosobruchus chinensis. PCR haiwezi kutofautisha bakteria aliye hai na kipande kilichoachwa na mababu zake. Kwa hiyo sentensi sahihi ni "DNA ya Wolbachia imeonekana".

Wangapi wanatosha

Wanafunzi wakipata saba kati ya ishirini wanaandika asilimia 35 na kufunga daftari. Kwa sampuli ndogo hivyo, kiwango halisi cha porini kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 15 na 59 hivi. Tofauti ya saba kwa ishirini Bweyale na kumi kwa ishirini Masindi si tofauti ya kutangaza.

Sifuri ndiyo inayodanganya zaidi. Gawanya 3 kwa idadi ya wadudu uliowapima vizuri, yaani wale tu walioonyesha COI. Wote ishirini wakiwa hasi, 3 kwa 20 ni asilimia 15: bado inawezekana mdudu mmoja kati ya saba anaye. Wakiwa sitini, mpaka unashuka hadi asilimia 5. Kanuni hii ni ya makadirio, lakini mtoto wa S.5 anaweza kuifanya kichwani na inamfunza kuandika "hatukumpata kati ya wadudu ishirini" badala ya "spishi hii haina".

Baada ya jeli

Fedha zikiruhusu, chagueni mistari miwili au mitatu iliyo mizuri mkaitume isomwe mfuatano wa herufi. Mkipata herufi hizo, zilinganisheni na zile zilizomo kwenye hazina ya GenBank kwa programu ya BLAST. COI itawaambia "spishi A" ni nani, na 16S itathibitisha kwamba mstari wenu ni Wolbachia kweli. Jini la 16S pekee halitoshi kutofautisha aina za karibu za bakteria huyu. Kwa hilo wataalamu husoma majini matano, gatB, coxA, hcpA, ftsZ na fbpA.

Jeli iliyotumika na ncha za pipeti zikusanywe kwenye ndoo yenye kifuniko, zisiachwe jalalani ambako watoto wadogo huokota. DNA iliyobaki igandishwe. Miili ya wadudu, pamoja na ile iliyotoa "haijulikani", irudi kabatini na karatasi zake za penseli. Ethanoli hupungua hata kizibo kikiwa kimekazwa, kwa hiyo kila mwanzo wa muhula nampa mwanafunzi mmoja daftari la orodha na chupa ya kujazia, aanze na kichupa namba moja.